Mgonjwa Aliyefumba Macho

Cheti changu kiko jikoni, kimetundikwa juu ya mafiga, na moshi umekigeuza rangi ya chai ya maziwa. Wajukuu hawachoki kunisihi nikitoe pale nikakiweke sebuleni kwenye fremu ya kioo. Mmoja wao anayefanya kazi Mbeya mjini alikuja juzi na chake cha huduma ya kwanza, kina muhuri unaong'aa na karatasi ngumu ya kuvutia, akakishika karibu na changu ili tulinganishe. Nikamuuliza walimtahinije. Akasema walioneshwa picha ukutani, wakajibu maswali, wakanywa soda, wakapiga picha ya pamoja. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mimi changu nilikipata mbele ya kijiji kizima, kwenye majani mabichi, na mgonjwa niliyepewa alikuwa mtu ambaye sikuruhusiwa hata kumtazama.

Nianze na mtu huyo. Alikuwa baba mkwe wangu.

Niliolewa Lufingo nikitokea upande wa Kisiba, bado msichana, mdomo mrefu na miguu mirefu zaidi. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa wakati ule, mke hamtazami baba mkwe, wala baba mkwe hamtazami mkamwana. Hawasalimiani, hawakutani njiani, hawaketi chini ya paa moja. Nikimsikia anakuja, nilikuwa naacha njia, naingia mgombani, nageuza mgongo na kuvuta kanga usoni, na kukaa hivyo mpaka apite. Yeye naye alikuwa na wajibu wa kunitahadharisha. Alikuwa akikohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kizito, mara mbili, halafu kimya kidogo, anipe nafasi ya kukimbia.

Asije mtu akadhani tulikuwa tunachukiana. Ilikuwa heshima, na ilikuwa inambana yeye kama inavyonibana mimi. Mara ngapi mzee yule alizunguka mbali na mvua inamnyeshea kwa sababu tu mimi nilikuwa nateka maji kwenye njia ya mkato! Nilimjua kwa kikohozi, kwa ncha ya fimbo yake ikigonga mawe, na kwa miguu, maana miguu ndiyo niliyoiona nikiwa nimeinama. Uso wake sikuwahi kuuona. Yeye wangu hakuwahi kuuona pia. Kwake mimi nilikuwa kanga inayopotelea kwenye migomba.

Na mambo hayakuishia kwake. Ndugu zake wote wa kiume nao walikuwa baba wakwe zangu, na ukoo wao ulikuwa mkubwa. Ukiwatazama wazee wa kijiji wakiwa wamekusanyika, nusu yao nilipaswa kuwakimbia. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba mimi ndiye mwanamke mwenye mbio kuliko wote wilaya ya Rungwe.

Zilikuwa zile siku za vijiji vya ujamaa. Tulikuwa na ofisi ya kijiji, duka la ushirika, shamba la pamoja, na kila mtu akawa ndugu. Kwenye mikutano mwenyekiti alikuwa anapenda kusema kwamba sasa wote tuko sawa, mwanamke kwa mwanamume, mzee kwa kijana. Nami nilikuwa namsikia vizuri, nikiwa nje chini ya upenu, nimeupa ukuta mgongo, natazama mibuni. Baba mkwe alikuwa ndani, basi mimi nilikuwa nje. Ndugu alikuwa ndani na ndugu alikuwa nje kwenye manyunyu.

Mwaka mmoja mpasua mbao alijikata paja kwa shoka juu kule msituni. Wanaume wakamtia kwenye machela, wakaondoka naye mbio kuelekea hospitali ya Tukuyu. Baba mkwe alikuwa miongoni mwa wabebaji, maana mtu huyo alikuwa rika lake, wamechunga ng'ombe pamoja tangu wadogo. Hawakufika naye akiwa hai. Aliishiwa damu njiani, wao wakizidisha mbio, wakiamini dawa iko mbele yao. Hospitalini wakaambiwa kwamba kama yeyote kati yao angesimama, akakunja nguo na kukandamiza lile jeraha kwa nguvu, huenda wangefika na mtu hai. Nguo walikuwa nazo, walikuwa wamezivaa. Mama mkwe alinisimulia kwamba mzee alirudi na koti lililolowa, akaliweka chini, akalitazama jioni nzima.

Kwa hiyo chuo cha wananchi cha kule Tukuyu kilipotangaza mafunzo ya huduma ya kwanza, kila kijiji kitoe mtu mmoja, kwetu halikuwa jambo la mzaha. Mwenyekiti akalitaja jina langu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nilikuwa siogopi damu, na ng'ombe akikwama kuzaa nilikuwa naitwa mimi kwa sababu mkono wangu mwembamba na sina kinyaa. Nikiwa chini ya upenu nilijisikia naota mabawa. Halafu nikasikia sauti ya mdogo wake baba mkwe, mzee mwenye ulimi mkali, ambaye naye alikuwa mkwe wangu.

"Ndugu mwenyekiti," alisema, "mimi sina ugomvi na binti wa watu. Niulize tu. Kesho nikikatwa na panga, atanifunga jeraha akiwa wapi? Mgombani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata wanawake walicheka. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto, nikatamani niingie nimjibu, lakini ningeingiaje? Kushindwa kuingia kwenyewe kulikuwa kumjibu kwamba amesema kweli. Nikabaki nang'oa nyasi chini ya upenu kwa mikono miwili. Ndani, baba mkwe hakucheka wala hakusema. Ningemsikia.

Nilikwenda kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuacha kahawa yake wakati wa kuchuma. Mwenyekiti alifunga mjadala kwa kusema niende, mengine tutayaona huko mbele. Niliondoka na kanga mbili, blanketi, na neno la mgombani likiwa limenikaa kooni. Niliapa kwamba nitarudi na cheti, na mzee yule atakula maneno yake.

Mwalimu wetu alikuwa mganga msaidizi kutoka pwani, Mwislamu, mtu mnene wa vicheko, aliyekuwa anavaa sweta mbili na kulalamika kwamba Tukuyu hata jua lake lina baridi. Alitufundisha kwa gunia. Alikuwa amelijaza majani makavu ya mgomba, akalivika suruali na shati, akaliita Mgonjwa. Mgonjwa alivunjika miguu kila asubuhi. Aliungua, alizama ziwani, aligongwa na lori la chai. Tulijifunza kumfunga kwa kanga iliyokunjwa pembe tatu, na kumnyoosha mguu kwa vipande vya mianzi vilivyofungwa kwa nyuzi za mgomba. Yule mwalimu hakutaka tuzoee vitu ambavyo kijijini hatutavipata. Siku ya kumpulizia Mgonjwa pumzi mdomoni wanaume walikataa katakata. Nikawasukuma pembeni, nikapiga magoti, nikalipulizia gunia mpaka likatoa vumbi puani. Tangu siku ile hawakunichezea.

Nilikuwa mzuri. Sioni sababu ya kuzunguka. Mafundo yangu yalikuwa hayalegei, mikono yangu ilikuwa haitetemeki, na nikishaoneshwa jambo mara moja lilikuwa langu. Kitu kimoja tu mwalimu alinigombeza nacho kila mara: nilikuwa na haraka ya kushika. Yeye alikuwa anataka kwanza mgonjwa aitwe. Unainama, unamwita, unamuuliza kama anakusikia, na kwa majibu yake au kwa ukimya wake ndipo unajua uanzie wapi.

"Usimguse mtu kabla hujamwita," alikuwa akisema. "Huyu ni binadamu, si mzigo wa viazi."

"Lakini Mgonjwa ni mzigo wa majani, Bwana Mganga."

"Wewe mwite hivyo hivyo. Siku moja atakuitika."

Cheti hakikutolewa chuoni. Tulifanya mtihani wa kuandika, nikaufaulu vizuri, lakini nusu ya pili ilikuwa kijijini. Mwalimu angekuja mwenyewe kwa Landrova, atukute kwetu, mbele ya watu wetu, na angemchagua mgonjwa palepale kati ya waliohudhuria, asije mtu akapanga na shangazi yake. Ukifaulu, kijiji kinaachiwa sanduku la dawa, jeupe, la mbao, lenye bandeji, dawa ya vidonda na mkasi. Ukishindwa, sanduku linarudi na gari.

Ya mkwe sikumwambia. Mwenyewe hakuuliza, nami sikuona sababu ya kujipalia makaa. Kijiji kina watu wengi, nikajisemea. Ataokota kijana yeyote.

Siku aliyofika, uwanja wa mbele ya ofisi ya kijiji ulijaa. Wazee walikuwa wamekaa mbele kwenye mabenchi, wanawake nyuma, na mimi nyuma ya ofisi kabisa, nasubiri kuitwa, kanga nimeivuta mpaka machoni. Sanduku jeupe lilikuwa limewekwa juu ya boneti ya gari watu walione. Nikamsikia mwalimu anawasalimu watu, anawachekesha, anaisema mvua. Halafu akasema, "Haya, tumpate mgonjwa. Mzee wangu pale mbele, mwenye koti na fimbo. Wewe. Una sura ya uvumilivu. Umeanguka, umevunjika mkono. Keti hapa katikati."

Uwanja ulinyamaza ghafla, na kwa ule ukimya nikajua ni nani. Wote walijua, isipokuwa mwalimu.

Nikasikia mwenyekiti anaanza, "Bwana Mganga, huyo mzee, kwa kweli kuna jambo kidogo la desturi..." Halafu akakatika. Baadaye nikaambiwa kwamba baba mkwe alikuwa ameinua fimbo yake kumnyamazisha. Na ulimi mkali wa mdogo wake ukasema kwa sauti ya chini lakini watu wote wasikie, "Sasa tutaona."

Nilipaswa kufanya nini? Nikikataa, sanduku linapanda gari, na la mgombani linakuwa kweli milele. Nikisema abadilishwe mgonjwa, watampa kijana, nitafaulu, na bado la mgombani litakuwa kweli. Nikitoka na kumshika mzee yule akiwa ameketi ananitazama, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya watu, na nafsi yangu pia. Nilisimama nyuma ya ukuta ule, mtu niliyekuwa sijawahi kukosa la kufanya.

Nilichungulia kwenye pembe ya ukuta, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mzee alikuwa amefika katikati ya uwanja. Akaweka fimbo chini. Akavua koti, akalikunja taratibu kama mtu anayekwenda kulala nyumbani kwake. Halafu, badala ya kuketi, akajinyoosha chali kwenye yale majani mabichi yaliyolowa matope, mtu mzima na heshima zake, mbele ya wajukuu na wapinzani wake. Akafumba macho.

"Mzee wangu," mwalimu akasema, "nimesema mkono. Wa mkono huketi."

Mzee hakujibu.

"Mzee, unanisikia?"

Kimya. Mdomo wake ulikuwa umeachama kidogo. Mwalimu akageukia watu, hajui acheke au aogope. Ndipo mama mkwe akasimama kule nyuma kwa wanawake, mikono kiunoni.

"Amezimia huyo, Bwana Mganga," akasema. "Humwoni? Mtu aliyezimia haoni wala hasikii. Mwite huyo mwanafunzi wako aje kumtazama kabla hajatufia."

Nilielewa. Uchungu na furaha vilinipanda pamoja, nikauma pindo la kanga nisilie. Mtu aliyezimia haoni. Mzee alikuwa amenifungulia njia, na bei yake alikuwa ameilipa yeye, kwa kulala kwenye matope kama mlevi wa pombe ya kienyeji.

Nilitoka. Nilipita katikati ya watu nikapiga magoti kando yake, nikamwona. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi. Pua ilikuwa ya mume wangu ile ile, imepachikwa tu kwenye uso wa mzee. Kope zilikuwa nyeupe, na hazikucheza hata kidogo. Nimewaona watu wengi waliozimia tangu siku ile, na hakuna aliyezimia vizuri kama yeye.

Mikono yangu ikafanya kazi yake. Nilisikiliza pumzi. Nilimlegeza kola. Nilimgeuza ubavu asikabwe na ulimi, nikaunyoosha mkono kwa mianzi, nikaufunga kwa nyuzi za mgomba, nikauning'iniza kwa kanga. Kila nilipomgusa nilipitisha nguo kati ya vidole vyangu na ngozi yake, na kwa sababu hiyo fundo moja lilinichukua muda, lakini lilikaa.

"Safi," mwalimu akasema. "Safi sana. Ila jambo lako ni lile lile. Hujamwita mgonjwa. Hukumuuliza kama anakusikia. Hapo nakukata alama."

"Ikate, Bwana Mganga," nikajibu. Neno moja kwa mzee yule lilikuwa juu ya uwezo wangu, na alama yenyewe haikunitia uchungu.

"Haya, mzee wangu, amka. Tumemaliza."

Mzee hakuamka. Manyunyu yakaanza kudondoka, yakamwangukia usoni, kwenye zile kope. Mwalimu akamgusa bega, akamtazama mwenyekiti, sasa ana wasiwasi wa kweli. Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nikaondoka haraka, nikazunguka ofisi, nikaupa ukuta mgongo. Hapo ndipo kikasikika kikohozi, kizito, mara mbili. Akawa ameamka. Watu wakacheka na kupiga makofi kama wako harusini, na mwalimu, alipoelezwa mambo yote, alicheka kuliko wote, akasema katika kazi yake yote hajapata mgonjwa mtiifu hivi. Cheti akakitia sahihi juu ya boneti. Sanduku likabaki.

Ulimi mkali hakubaki nyuma. "Amezimia kwa mapenzi yake," akasema watu wakitawanyika. "Je, siku mtu atakapokuwa macho?"

Na alikuwa amesema kweli, mzee mchokozi yule. Watoto waliletwa kwangu. Wanawake walikuja na mikono iliyoungua jikoni, vijana na majeraha ya visu. Sanduku lilifunguliwa kila wiki. Lakini wazee wa ukoo wa mume wangu hawakuja. Mmoja wao alijikata kwenye kisigino akiwa analima, akapaka masizi, akakaa nyumbani na mguu ukavimba mpaka ikabidi abebwe kupelekwa Tukuyu, akipita mbele ya nyumba yangu kwenye machela huku mimi nimegeuza mgongo mgombani. Nilikasirika sana siku ile. Niliitazama mikono yangu na kuiona haina faida. Nilikuwa na cheti cha nusu kijiji, na mtu wa kuitumikia ile nusu nyingine hakuwepo. Nikamwambia mama mkwe kwamba nataka kulirudisha sanduku. Akanijibu kwamba mzee hajalala kwenye matope ili mimi nirudishe sanduku, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Mvua za masika zilikuwa zimekolea, udongo wetu ule mwekundu ukiwa unateleza kama sabuni. Ilikuwa mchana, nilikuwa jikoni napika. Nikasikia mtu anakimbia kwenye njia ya josho la ng'ombe, anakuja moja kwa moja nyumbani. Hakukohoa. Kivuli kikaziba mlango, nikatazama, nikakutana uso kwa uso na mdogo wake baba mkwe. Upesi nikageukia ukutani.

"Usigeuke," alisema. Alikuwa anahema. "Mganga, usigeuke. Kaka ameteleza kule mteremkoni. Kichwa kimegonga jiwe. Njoo."

Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo kabla. Nikachukua sanduku, nikamfuata, baadaye nikampita, maana mbio zangu mume wangu hakuzisifia bure.

Mzee alikuwa amelala kifudifudi pembeni ya njia, mbuzi wake wamemzunguka. Watu wawili watatu walikuwa wamefika, nao walikuwa wanafanya walichofanya siku ya mpasua mbao: wanatengeneza machela. Nikawafokea waache. Nikapiga magoti. Safari hii sikutafuta nguo ya kupitisha kati ya vidole vyangu na ngozi yake. Nilimgeuza ubavu, nikamtoa matope mdomoni, nikakunja kanga na kuikandamiza kwenye jeraha la kichwa kwa nguvu zangu zote. Damu ilikuwa nyingi, lakini ikaanza kutii. Alikuwa anapumua. Macho yalikuwa yamefumba.

Yalikuwa yamefumba, na hofu ikanishika. Siku ile uwanjani niliomba asiyafumbue. Sasa nilikuwa natazama zile zile kope nyeupe, zimetulia vile vile, na nilikuwa tayari kutoa chochote zicheze. Ulimi mkali alikuwa amesimama nyuma yangu, bado anahema. Nikamkumbuka mwalimu na sweta zake mbili. Nilikuwa nimeshika tena kabla ya kuita.

Nikainama mpaka sikioni mwake.

"Tata," nikasema. Baba. Ni neno la kwanza nililowahi kumwambia. "Tata, unanisikia?"

Hakuna kitu.

"Tata! Fumbua macho. Ni mimi. Fumbua macho unitazame."

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi kwa mshtuko, sijui kwa sababu ya damu au kwa sababu yangu. Sikujali. Nikaita tena, kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Nkunga, nikamwambia kwamba sijapanda mlima wote huo kuja kuongea na mzigo wa viazi.

Kope zikacheza. Macho yakafumbuka, mekundu, yenye matope pembeni, yakazunguka yakitafuta, yakafika usoni kwangu. Alinitazama. Alinitazama vizuri, kama mtu anayesoma. Nikaona anajua ni nani.

Halafu akayafumba tena haraka, kwa nguvu, mpaka uso wote ukajikunja, na kutoka kifuani mwake kikaja kikohozi. Kilikuwa dhaifu, lakini kilikuwa chenyewe. Mara mbili, na kimya kidogo, anipe nafasi ya kukimbia.

Akili yake ilikuwa nzima. Machozi yalinitoka palepale mbele ya wakwe zangu, nami sikuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Kohoa tu, baba," nikamwambia. "Siendi popote."

Nikamwomba ulimi mkali anishikie ncha ya bandeji, akainama kando yangu akaishika.